Hati Miliki za Mwambani: Usiku Mmoja Al-Hijr

Mfalme Haritha wa Nne aliwatawala Wanabatea tangu mwaka 9 KK hadi mwaka 40 BK. Katika maandishi ya mawe ya enzi yake, jina lake hufuatwa na sifa moja isiyobadilika: mpenda watu wake. Sifa za watawala tumezizoea. Linalonivutia mimi ni mahali sifa hii ilipoandikwa. Imechongwa juu ya milango ya makaburi ya watu binafsi, ndani ya hati za kisheria, na baadhi ya hati hizo hazimalizi kabla ya kutaja faini ambayo mfalme huyohuyo angelipwa.

Makaburi hayo yako Al-Hijr, mji ambao Wagiriki na Warumi waliuita Hegra, kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia. Nilifika huko nikitokea Madina, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 za jangwa, nikalala usiku mmoja katika mji jirani wa Al-Ula. Nililala kwa makusudi. Mwandishi wa hati zile hakutumia wino, na herufi zisizo na rangi husomeka vizuri jua linapokuwa chini na kivuli kinapoingia ndani ya kila mchongo. Saa sita mchana mwamba wote huwa mweupe, na mgeni huona milango mizuri tu.

Eneo hilo lina makaburi makubwa 111, na 94 kati yake yana nyuso zilizopambwa. Mwaka 2008 likawa la kwanza nchini humo kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mafundi walichonga kuanzia juu kushuka chini, hivyo hawakuhitaji jukwaa la mbao katika nchi isiyo na miti. Ushahidi upo wazi kwenye kaburi liitwalo Qasr al-Farid, lililochongwa katika jabali lililosimama peke yake: juu limekamilika na kulainishwa, chini limebaki na alama za patasi, kana kwamba fundi ameenda kula chakula cha mchana.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanalijua jina Al-Hijr kutoka kwingine. Ni jina la sura ya 15 ya Kurani, na ni nchi ya Thamudi, watu wa Nabii Saleh waliomuua ngamia jike. Mtume Muhammad, akielekea Tabuk mwaka 630, aliwakataza maswahaba wake kuingia humo ila kwa kulia, na baadhi ya Waislamu hadi leo hawapendi kupatembelea. Mwanahistoria hana sababu ya kuidharau heshima hiyo. Ana wajibu, hata hivyo, wa kusema kwamba Thamudi wanatajwa katika kumbukumbu za Waashuru za karne ya nane KK, ilhali nyuso tunazoziona leo zina tarehe zake zenyewe, na tarehe hizo ni za karne ya kwanza BK. Ni makaburi, si nyumba, na wenye makaburi wametuachia majina yao.

Mmoja wao ni Kamkam binti Wailat. Yeye na bintiye Kulaybat walijichongea kaburi katika mwaka wa tisa wa Haritha, mpakani mwa 1 KK na 1 BK. Hati yao inawalaani kwa majina ya miungu wote watakaoliuza kaburi hilo, kulinunua, kuliweka rehani, kulitoa zawadi au kulikodisha. Laana haikuonekana kutosha, kwa hiyo kuna na faini. Hati nyingine ya hapo inaeleza kwamba nakala yake imehifadhiwa hekaluni. Tafakari hilo, ndugu msomaji: tangazo la hadhara ukutani, nakala katika masijala, adhabu ya miungu na adhabu ya fedha, na mwenye mali ni mwanamke aliyejitaja kwa jina lake. Nchini mwetu, kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 bado zinatumiwa kumnyima mjane ardhi aliyoilima maisha yake yote. Simwoni Kamkam kuwa mtu wa kale kiasi hicho.

Nisizidishe sifa, lakini. Hati za namna hii ni thelathini na kitu tu. Wenye kaburi wanaojitaja vyeo wengi wao ni maofisa wa jeshi, na yumo tabibu pia. Pembeni kuna mashimo mengi yaliyochimbwa juu ya miamba, marefu kiasi cha mtu mmoja, yasiyo na hata herufi moja. Sheria iliwalinda waliomudu ujira wa fundi.

Fedha ya ujira huo ilitokana na ubani na manemane vilivyopita hapo kwa ngamia kutoka kusini mwa Uarabuni. Mwaka 106 Mrumi Trajan aliutwaa ufalme wote ukawa jimbo lake, na masharti ya faini kwa mfalme yakabaki mwambani bila mfalme wa kuzipokea.

Biashara hiyo inatugusa sisi wa pwani. Kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinamtaja Maliku, mfalme wa Wanabatea, mrithi wa Haritha. Kurasa chache kabla ya hapo kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, lililouza pembe za ndovu na magamba ya kasa, likiwa chini ya mamlaka ya wakuu wa kusini mwa Uarabuni. Yaani baharia mmoja angeweza kusikia habari za miji yote miwili katika maisha yake. Kwa Al-Hijr tunalijua hata jina la binti wa mwenye kaburi. Kwa Rhapta wataalamu bado wanabishana: wengine wanaitafuta kwenye delta ya Rufiji, wengine karibu na Dar es Salaam.