Watawa wa Benedikto na Walaji wa Shaba

Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watawa wa Mtakatifu Benedikto nao wana agizo la namna hiyo. Kanuni yao, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inataka kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Lakini hapa kwetu Katanga mambo yalianza kinyume: wageni walikuwa watawa wenyewe.

Walifika mwaka 1910, wakitoka abasia ya Saint-André karibu na Bruges, Ubelgiji. Mkubwa wao alikuwa Dom Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye akawa askofu kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Walijenga misheni Kansenia, Kapolowe na kwingineko. Wenyeji wao walikuwa watu wa mukuba, yaani shaba.

Wakati ule tanuru za vijiji zilikuwa zinazimika. Union Minière ilikwisha kuundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru yake kubwa iliwaka Lubumbashi. Kijana aliyetaka shaba alienda kuajiriwa.

De Hemptinne aliuliza wafuaji wazee, nao hawakumficha. Mwaka 1926 akachapisha kwa Kifaransa habari za “walaji wa shaba” wa Katanga. Humo tunasoma kwamba kazi ilianza kiangazi, mavuno yakiisha. Mawe ya kijani yalikusanywa na kuchimbwa, makala yakachomwa, tanuru ikajengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ikapulizwa. Na dawa na maombi kwa mizimu havikukosa. Mwisho shaba ilimiminwa, ikatoka misalaba midogo ya biashara.

Tusidanganyane: mtu huyu alikuwa karibu sana na serikali ya wakoloni, iliyowanyima wazee hao hao milima yao. Lakini kalamu yake imetunza yale ambayo sisi wajukuu tungeyapoteza. Mambo yote mawili ni kweli, na yote mawili tuyaseme.

Leo pale Kolwezi vijana wengi wanachimba kwa mikono, kisha wanauza mawe mabichi. Kuyeyusha hawajui. Wazee wao walimaliza kazi yote, toka shimo mpaka msalaba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu kungali na mzee anayekumbuka habari za tanuru, mwendee sasa. Mgeni aliandika kwa lugha yake. Mwenyeji naye aandike kwa yake.