Kusasisha si Kuhamia: Maneno Mawili kwa Mwenye Tarakilishi

Katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi, mnunuzi wa kipakatalishi siku hizi huuliza jambo moja kabla ya bei: “Boss, hii inakubali Windows 11?” Swali hilo limefika hadi kwenye saiba za Kawangware na Kangemi, na lina sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga rasmi huduma ya Windows 10, mfumo ulioendesha tarakilishi nyingi za jiji hili kwa miaka kumi. Mwenye mashine sasa anapaswa kuamua, na Kiswahili kinapaswa kumpa maneno ya kuamulia. Kwa maoni yangu, neno moja tunalolitumia sana hapa linampotosha.

Tuanze na kinachobadilishwa. Windows, macOS, Linux na Android ni mifumo endeshi. Mfumo endeshi ndio unaoamka kabla ya programu zako unapowasha mashine na ndio unaozigawia programu nyingine kumbukumbu, nafasi ya diski na zamu ya prosesa. Unapobofya “chapisha”, programu ya barua haizungumzi na printa moja kwa moja: inauomba mfumo endeshi, nao unaitafuta draiva, yaani programu ndogo ya kuiongoza printa hiyo. Wapo wanaosema “mfumo wa uendeshaji”, nao hawakosei. Napendelea “endeshi” kwa kuwa sifa hiyo inausema mfumo wenyewe kuwa ndio unaoendesha, na ni fupi.

Mfumo huu hubadilishwa kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ile ambayo Nairobi huiita apdeti. Toleo linabaki lilelile, lakini mtengenezaji analiletea viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa. Kiswahili kimeipatia kitenzi safi: kusasisha, yaani kuleta kitu kwenye sasa. Neno hili limeshaenea katika simu zenye menyu za Kiswahili, na halina kasoro.

Uzito wake ulionekana Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani kote na kuvuruga hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Sehemu kubwa ya mashine zilizoshambuliwa zilikuwa za Windows 7, toleo lililokuwa la zamani tayari. Lakini Windows 7 iliyokuwa imepokea kiraka kile haikuingilika kwa tundu hilo. Toleo la zamani lililosasishwa lilisimama. Kwa hiyo swali la kwanza la usalama si mashine ina toleo gani, bali kama toleo hilo bado linapokea viraka na kama mwenyewe anaviruhusu viingie.

Njia ya pili ni apgredi: kuliacha toleo moja na kuchukua jingine, tuseme kutoka Windows 10 kwenda 11. Hapa ndipo tafsiri nyingi hutumia “kuboresha”, na hapa ndipo ninapopinga. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora. Anayemwambia mteja “boresha mfumo wako” ameshamjibia swali kabla hajalifikiria, kwani nani atakataa ubora? Ilhali huenda mashine ikawa nzito kuliko jana, printa ya zamani ikakosa draiva, au programu ya hesabu za duka ikagoma kufunguka. Neno linaahidi kitu ambacho kitendo chenyewe hakikidhamini.

Napendekeza “kuhamia toleo jipya”. Kitenzi hiki kinabeba maswali ambayo kila aliyehama nyumba Nairobi anayajua: mizigo inaingia mlangoni? Gharama ni nini? Nikishafika, naweza kurudi? Pia kinatufaa tunapotoka Windows kwenda Linux, mahali ambapo hakuna kupanda wala kushuka ngazi, ni kuhama tu.

Mlango wa Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni mwembamba kuliko ilivyozoeleka. Inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, vitu ambavyo mashine nyingi zinavyo. Linaloziangusha ni jingine: chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha 8.

Kwa soko letu sharti hilo ni zito. Vipakatalishi vingi vya katikati ya jiji ni vile vinavyoitwa ex-UK, vilivyotumika maofisini ng’ambo, vikaachwa, vikaletwa huku. HP EliteBook 840 G3 ni mfano ambao kila muuzaji anaujua. Ni mashine imara, na ikiwekewa SSD inafanya kazi za ofisi bila kusumbua. Lakini prosesa yake ni ya kizazi cha 6, hivyo haimo katika orodha hata chipu ya TPM ikiwa sawa. Ndugu yake G5 kwa kawaida ana prosesa ya kizazi cha 8, naye hapo anapita. Mnunuzi asome jina la prosesa mwenyewe: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, kwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Kwa TPM, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike tpm.msc, na toleo litaonekana. Tofauti hiyo ndogo ya herufi na tarakimu ndiyo inayopaswa kutawala mjadala wa bei.

Fundi atakwambia kwamba anaweza kuiweka 11 hata kwenye G3, na ni kweli. Ukaguzi wa mashine unaweza kurukwa, na mfumo ukawaka vizuri. Asichokwambia pengine ni kwamba Microsoft haiahidi kuzipa masasisho mashine zilizoingia kwa njia hiyo. Umehamia toleo jipya, na papo hapo umepoteza uhakika wa kusasishwa, ambao ndio uliokuhamisha. Mteja aliyefundishwa kwamba yote mawili ni “kuboresha” hana namna ya kuiona hasara hii.

Mwenye saiba Kawangware aliye na G3 nne hana haja ya kukimbilia mashine mpya kesho. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya ziada kwa watumiaji wa kawaida wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kujiandikisha kunawezekana bila malipo kwa anayekubali kuunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Hiyo ni nafasi ya kupanga, si makazi ya kudumu. Baada yake, kivinjari nacho hufuata: Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 mapema 2023, miaka mitatu baada ya Microsoft kuliacha toleo hilo Januari 2020. Na kazi za saiba, kuanzia eCitizen hadi ritani za KRA, hupita katika kivinjari.

Kwa mashine za namna hii ningependekeza Linux bila kusita, Ubuntu au Linux Mint, hasa zile za wateja wanaokuja kuvinjari na kuchapisha tu. iTax, tovuti ya ritani za KRA, imekuwa ikitoa fomu ya ritani kwa muundo wa Excel na pia wa ODS, ambao LibreOffice inaufungua. Mwenye saiba abakishe mashine moja ya Windows kwa programu zisizokubali kuhama, na ajaribu printa yake kwanza kwa kuiwasha Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski.

Aliye na G5 ahamie 11, kwa kuwa leseni ya Windows 10 iliyo halali inavuka nayo bila malipo. Faili la kupakua linazidi gigabaiti 5, hivyo alipakue mara moja, aliweke kwenye flashi na kulitumia kwa mashine zote. Anakili mafaili yake kwenye diski ya nje kabla ya kuanza, na betri iwe imejaa, stima isije ikapotea katikati ya kazi.