Rungu Jeusi, Muhuri na Nyumba Kumi

Kabla Kitengela ya Kenya haijawa mji wa maghorofa na wafanyakazi wa viwanda, eneo lake la Noonkopir lilikuwa malisho ya Wamaasai wa tawi la Ilkaputiei. Huko uongozi haukuombwa. Mtu alitwishwa.

Msemaji wa rika, olaiguenani, alitafutwa kimyakimya na wazee walezi wa rika hilo, waitwao olpiron kwa jina la kijiti cha kupekechea moto. Wazee hao walikuwa wamewatazama vijana tangu wakiwa wachunga ndama: nani hunyamaza wenzake wakigombana kisha akasema neno moja likawatuliza, nani hugawa nyama bila kujipendelea, nani ametoka katika boma lisilo na doa. Wakishaafikiana, walimshika na kumkabidhi rungu jeusi, olkuma orok. Kipo na cheo cha olotuno, kitolewacho wakati wa sherehe ya rika iitwayo eunoto. Hicho kijana hukikimbia hasa, maana mwenye nacho hubeba mizigo ya rika zima. Kwangu, kule kukimbia ni ushahidi kwamba cheo kilikuwa na uzito. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe za rika za enkipaata, eunoto na olng'esherr katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Mwaka 1968 ilikuja sheria ya ranchi za vikundi, yaani ardhi inayomilikiwa na kikundi kwa pamoja. Wawakilishi wa kikundi wasipungue 3 wala wasizidi 10, wachaguliwe mkutanoni, na mambo yaandikwe. Hapo daftari na muhuri vikapata sauti. Aliyekwenda shule akapanda thamani. Mzee aliyesuluhisha kesi za mifugo maisha yake yote akaitwa aweke kidole gumba. Sisemi wasomi wote walikuwa wabaya. Nasema kipimo kilibadilika, na waliopimwa hawakuulizwa.

Ranchi ya Kitengela ilianza kugawanywa mwaka 1988. Wanachama wakashika hati zao, vipande vikauzwa, ploti zikajaa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, yenye kamati ya watu 7 hadi 15 inayochaguliwa na jamii nzima, ilikuta kugawanya kumekwisha.

Kwingine, mbali na malisho, kiongozi bado hupimwa kwa kutazamwa: waandishi wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili humwita msimamizi wao mkabidhi. Huenda wanaomchagua hawajapata kumwona uso, lakini karibu kila alichoandika, alichofuta na alichobishia kimehifadhiwa, na yeyote anaweza kurudi nyuma miaka akakisoma. Kumtazama mtu kwa muda mrefu, kazi ile ile ya olpiron, wamepata njia ya kuifanya.

Noonkopir ya leo haina njia hiyo. Tangu mpango wa usalama wa mitaa wa Nyumba Kumi uanze nchini mwaka 2013, majirani huitwa wamchague mwenyekiti asiyelipwa mshahara, atakayejua siri za milango yao. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita huangaza macho mkutanoni. Anayemfahamu pale ni mmoja tu, mama wa duka ambaye jioni moja alimkopesha maziwa na mkate bila kumwandika daftarini. Humtaja huyo.