Mkalimani Wodini: Historia Fupi ya Lugha ya Alama na Nukta Nundu Hospitalini

Katika idara zetu, mifano tunayoitoa tunapofundisha ukalimani hutoka zaidi bungeni, mahakamani na katika mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hospitali hutajwa kwa nadra. Na hata inapotajwa, mgonjwa tunayemfikiria ni yule asiyejua Kiingereza wala Kiganda, mathalani mkimbizi kutoka Kongo anayezungumza Kiswahili. Makala haya yanakusudia kumtazama mgonjwa kiziwi na mgonjwa kipofu, na kueleza jinsi ilivyokuja kukubalika, tena kwa kusuasua, kwamba mawasiliano ni sehemu ya matibabu yenyewe wala si hisani inayoongezwa baadaye.

Kwanza istilahi, maana wasomaji wetu ni watu wa lugha. Wapo wanaodai kuwa maneno kiziwi na kipofu yanadhalilisha kwa sababu ya kile kiambishi ki-. Hoja hiyo ina udhaifu. Kisarufi nomino hizi hupatanishwa kama viumbe wengine wenye uhai: kiziwi anatibiwa, viziwi wanatibiwa. Kiongozi na kijana nao wana ki- na hatujasikia kiongozi akilalamika. Viziwi wa Tanzania wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania. Neno linalostahili kuachwa ni bubu, kwa kuwa linadokeza kwamba mtu hana lugha, na dai hilo ndilo kiini cha historia tunayoisimulia. Kuhusu lugha yenyewe, Tanzania husema lugha ya alama, na Kenya husikika pia lugha ya ishara. Hapa nitatumia ya kwanza.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana mjini Milan, Italia, wakapitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na alama ziwekwe kando. Waliopiga kura hiyo karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Athari zake zilidumu kwa miongo mingi katika shule za Ulaya na Marekani, na kutoka huko zikaenea katika makoloni. Kwa mtazamo huo hospitali haikuwa na sababu ya kutafuta mkalimani: kiziwi aliyesoma alitarajiwa kuutazama mdomo wa daktari. Anayedhani kusoma midomo kunatosha na akumbuke mwaka 2020, wakati wa korona, midomo yote ya wahudumu ilipokuwa nyuma ya barakoa. Katika chumba cha upasuaji midomo ilikwisha kufichwa zamani.

Mabadiliko ya fikra yalitoka kwa mwanaisimu. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alichapisha uchambuzi uliothibitisha kuwa alama za viziwi wa Marekani zina vipashio vidogo (umbo la mkono, mahali, mwendo) vinavyoungana kwa kanuni kama fonimu zinavyoungana. Kwa maneno mengine, ni lugha. Palipo na lugha mbili hutakiwa mkalimani, na mwaka 1964 chama cha kitaifa cha wakalimani wa viziwi kiliundwa Muncie, Indiana. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa zaidi na watoto wa viziwi na wahubiri. Tafakari mtoto wa miaka 10 akimfasiria mama yake maneno ya daktari kuhusu uvimbe katika kizazi!

Hata hivyo, lugha kutambuliwa na wanaisimu ni jambo moja, na mtu kulipwa ili aifasiri wodini ni jambo jingine. Kwa maoni yangu kesi inayofaa kusomwa na kila mwanafunzi wa ukalimani ni ile ya Eldridge, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Juu ya Kanada tarehe 9 Oktoba 1997.

Katika jimbo la British Columbia, shirika moja lisilo la kiserikali lilikuwa likitoa wakalimani wa hospitalini bila malipo katika eneo la Vancouver. Mwaka 1990 fedha zikaliishia. Liliiomba wizara ya afya ya jimbo, likakataliwa. Walioshtaki walikuwa viziwi watatu: Robin Eldridge, aliyekuwa na kisukari pamoja na maradhi mengine, na John na Linda Warren, mume na mke. Bi. Warren alijifungua mapacha kabla ya wakati, bila mkalimani. Wakati wa uchungu muuguzi alimwashiria kwa mikono kwamba mapigo ya moyo ya mtoto mmoja yalikuwa yameshuka. Watoto walipozaliwa waliondolewa mara moja, na mama akaachiwa kikaratasi kilichosema hawajambo. Hayo ndiyo yote aliyoelezwa.

Mahakama mbili za jimbo ziliwakatalia. Zilitumia hoja inayovutia kwa juujuu: serikali haimbagui kiziwi, maana inamtibu bure sawasawa na mwingine, na ukalimani ni huduma ya pembeni. Mahakama Kuu ya Juu iliikataa hoja hiyo kwa kauli moja. Jaji La Forest, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba mawasiliano bora hayatenganiki na utoaji wa huduma ya tiba. Mkalimani ni njia ambayo kwayo kiziwi hupata tiba ileile anayopata anayesikia. Jimbo likapewa miezi 6 kurekebisha mambo.

Gharama iliyobishaniwa miaka yote hiyo ilikadiriwa kuwa dola 150,000 kwa mwaka kwa jimbo zima, yaani kama asilimia 0.0025 ya bajeti ya afya ya jimbo wakati huo. Kumbukumbu za kesi zinaonyesha pia sababu nyingine ya wizara kukataa. Iliogopa kuwa ikiwakubali viziwi, jamii za wahamiaji wasiojua Kiingereza nazo zingedai wakalimani. Sisi walimu wa Kiswahili tunapaswa kuisoma sababu hiyo mara mbili, kwa kuwa mkimbizi wetu kutoka Kongo yumo ndani yake. Mahakama haikuliamua suala la wahamiaji. Ilisema tu kuwa hofu hiyo ni ya kubuni, haitoshi kumnyima kiziwi.

Kwa vipofu historia imepita njia nyingine, ile ya maandishi. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alichapisha mfumo wake wa nukta nundu mwaka 1829. Ilipita karibu karne mbili kabla ya nukta hizo kufika kwenye dawa kwa nguvu ya sheria: mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliagiza jina la dawa liandikwe kwa nukta nundu kwenye kifungashio. Ukishika boksi la dawa lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya utaziona nukta hizo zimetuna.

Sasa turudi Uganda. Chama cha kitaifa cha viziwi kiliundwa mwaka 1973. Katiba ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, iliitaka dola ikuze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Kiswahili kilisubiri hadi marekebisho ya mwaka 2005 ndipo kikafanywa lugha rasmi ya pili. Wenzetu walitutangulia kwa miaka 10. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2006 ilitaja lugha ya alama katika mafunzo ya wahudumu wa afya na nukta nundu kwenye dawa, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na sheria ya mwaka 2020. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unamtaka mhudumu wa afya apate ridhaa ya mgonjwa aliyeelewa. Chuo Kikuu cha Kyambogo kimefundisha wakalimani wa lugha ya alama. Kwa upande wa maandishi ya sheria, basi, hatuna upungufu mkubwa.

Upungufu huonekana dirishani pa dawa. Mfamasia huhesabu vidonge, huvitia katika kibahasha na kuandika 1x3. Hata kama boksi lilikuwa na nukta nundu, limebaki rafuni; kipofu anarudi nyumbani na vibahasha vitatu vinavyofanana akivipapasa. Kiziwi naye hupewa kalamu na karatasi, kana kwamba Kiingereza cha kuandika ni lugha yake ya kwanza. Ukimwandikia “take on an empty stomach” anaweza kulijua kila neno na asiupate ujumbe, kama wanafunzi wetu wanavyoshindwa wakitafsiri neno kwa neno.

Mtaala wetu wa ukalimani una saa nyingi za mahakama na bunge. Napendekeza, kikao cha idara kikiridhia, kozi ya mwaka wa 3 itengewe wiki 4 za ukalimani wa hospitalini: istilahi za mwili na maradhi, siri ya mgonjwa, na fomu ya ridhaa ya upasuaji kama matini ya kufanyia mazoezi. Mkufunzi wa lugha ya alama aalikwe katika wiki ya kwanza, na awe kiziwi.