Upanga Uliobakia Alani

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1868, watu wawili walitoka Edo, mji uitwao leo Tokyo, wakashika njia ya kwenda Sunpu, yaani Shizuoka ya sasa. Mmoja wao alikuwa Yamaoka Tesshu, samurai mwenye umri wa miaka 31, mkubwa wa umbo, ambaye ukali wake katika mazoezi ya upanga ulimpatia lakabu ya Zimwi. Mbele yake yalikuja majeshi ya Mfalme Meiji, nia yao kuushambulia mji wa Edo na kuuzika utawala wa ukoo wa Tokugawa, ulioshika hatamu tangu 1603. Tesshu hakujificha wala hakuchomoa upanga. Alipowafikia askari alilitaja jina lake kwa sauti kubwa, akasema kwamba yeye ni mtumishi wa Tokugawa Yoshinobu, adui wa Mfalme, na kwamba anakwenda kuonana na jemadari. Wakampisha.

Jemadari huyo, Saigo Takamori, alimpa masharti: ngome ya Edo itolewe pamoja na merikebu za kivita na silaha, na Yoshinobu mwenyewe awekwe kizuizini chini ya ukoo wa Bizen. Tesshu aliyakubali yote isipokuwa hili la mwisho. Alimwuliza Saigo iwapo angekuwa tayari kumtoa bwana wake yeye, lau mambo yangekuwa kinyume. Saigo akaahidi kulibeba jambo hilo mwenyewe. Siku chache baadaye alikutana mjini Edo na Katsu Kaishu, mjumbe wa Tokugawa. Shambulio likasitishwa, na tarehe 3 Mei ngome ikakabidhiwa bila ya damu kumwagika. Ukasalimika mji uliokuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani.

Aghlabu kisa hiki husimuliwa kama tunda la uwongofu: mtu aliitakasa nafsi yake kwa upanga na tafakuri, kisha ndipo akaleta amani. Lakini tarehe zikipangwa, maana yake inageuka.

Mwaka 1863 Tesshu alikuwa amepambana na Asari Yoshiaki, bingwa aliyemzidi umri, naye akashindwa. Tangu hapo hakupata raha. Mchana alifanya mazoezi, usiku akikaa kitako katika tafakuri ya Zen, na kila alipofumba macho sura ya Asari ilisimama mbele yake kama mlima usiopandika. Hali hii ilidumu miaka 17. Kwa hiyo yule aliyepita katikati ya jeshi zima bila ya kutetereka, alikuwa bado anamwogopa mtu mmoja aliyekaa ndani ya fikra zake.

Mwalimu wake wa Zen, mtawa Tekisui wa hekalu la Tenryu-ji, alimpa fumbo la panga mbili zinazokutana. Ufunguo ulitoka pasipotarajiwa. Mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba kila alipoifikiria faida moyo ulimwenda mbio, na kila alipoifikiria hasara alisinyaa. Alifanikiwa pale tu alipoyaacha yote mawili akaitazama kazi iliyo mbele yake. Tesshu aliyatia maneno hayo katika mazoezi yake. Alfajiri ya tarehe 30 Machi 1880, sura ya Asari ilitoweka. Walipokutana tena, Asari aliushusha upanga wake kabla ya pigo hata moja, akamtambua kuwa mrithi wa fani yake.

Mwaka huohuo Tesshu aliasisi mkondo wake, Muto-ryu, jina lenye maana ya kutokuwa na upanga. Hakukusudia kuziweka silaha kando, kwani wanafunzi wake walipitia mitihani ya mapambano 200 kwa siku moja. Alikusudia kwamba anayemwona adui nje ya nafsi yake ameshashindwa kabla ya kuanza.

Basi amani ya 1868 haikungoja ukamilifu wa mtu. Ililetwa na mtu mwenye hofu yake, aliyeichukua akaenda nayo. Wala haikuwa amani timilifu: Julai mwaka huohuo watu waliuana katika kilima cha Ueno, humohumo Edo, na vita viliendelea kaskazini hadi 1869. Tesshu hakuwasahau waliokufa. Mwaka 1883 aliasisi hekalu la Zensho-an katika mtaa wa Yanaka, Tokyo, kwa ajili ya roho za waliopotea katika misukosuko ile. Hakuwahi kuwa mtawa kwa daraja. Alikuwa mtu wa mke na watoto, aliyemtumikia Mfalme Meiji, yule ambaye hapo awali alijitangaza kuwa adui yake, kwa miaka 10.

Alifariki tarehe 19 Julai 1888 kwa saratani ya tumbo, akiwa ameketi katika tafakuri. Inasemekana kwamba katika maisha yake yote ya upanga hakuua mtu hata mmoja. Kaburi lake liko Zensho-an, na jirani yake amelala San'yutei Encho, msimulizi wa hadithi aliyekuwa mwanafunzi wake wa Zen, ambaye silaha yake ilikuwa ni ulimi.