Lance Cairns

Bernard Lance Cairns (alizaliwa Picton, New Zealand, 10 Oktoba 1949) ni mchezaji wa zamani wa kriketi aliyefika ngazi ya juu kabisa ya mchezo huo ilhali usikivu wake ulikuwa hafifu tangu ujanani.

Katika kriketi, sikio ni kiungo cha kazi. Wapigaji wawili huitana kabla ya kukimbia. Anayechelewa kusikia "ngoja" huweza kuishia katikati ya njia, wiketi yake ikaanguka, yaani akatolewa.

Pamoja na hayo, kati ya 1974 na 1985 Cairns alicheza mechi 43 za Test, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa, na kuchukua wiketi 130. Akiwa mrushaji wa kasi ya wastani, alipeperusha mpira ukapinda hewani, huku akiuachia akiwa amekanyagia mguu usiotarajiwa. Kilele chake kilikuwa Headingley mwaka 1983: wiketi 10 katika mechi moja, 7 kati yake kwa mikimbio 74, na New Zealand ikaifunga Uingereza nyumbani kwake kwa mara ya kwanza katika Test.

Wengi, hata hivyo, wanamkumbuka kwa Excalibur, gongo lake zito lisilo na mabega. Februari 1983 huko Melbourne alilitumia kupiga mipigo sita ya mikimbio sita, mmoja kwa mkono mmoja dhidi ya mrushaji wa Australia, Dennis Lillee. Timu yake ilipigwa vibaya siku hiyo, lakini nani anajali?



Mwanawe, Chris, naye aliichezea New Zealand. Baadaye Lance alipandikizwa kifaa cha kusikia.