Nani aliamua usome 8-4-4?

Ukipanda matatu ya Kesses hapa Eldoret, utashukia karibu na Chuo Kikuu cha Moi. Wengi wetu tumekua tukikiona na hatujawahi kuuliza kilifikaje huku mashambani. Ukifuata hilo swali utajua pia kwa nini ulifanya KCPE darasa la nane. Tulia nikupe stori.

Mwaka 1981 Rais Moi aliunda jopo, mwenyekiti akiwa Colin Mackay, msomi kutoka Kanada. Kazi ilikuwa kuangalia vile Kenya itaanzisha chuo kikuu cha pili, maana cha kwanza kilikuwa Nairobi na kilikuwa peke yake. Jopo likasema kijengwe, kiegemee sayansi na teknolojia. Halafu likaongeza: mfumo wote wa masomo ubadilishwe uwe 8-4-4. Yaani watu walitumwa chuo kikuu, wakarudi na shule ya msingi pia.

Sheria ya chuo ilipita 1984. Oktoba mwaka huo wanafunzi 83 wa misitu walihamishwa kutoka Nairobi kuja kukifungua. Januari 1985, 8-4-4 ikaanza. Wazazi wakachangishwa harambee kujenga karakana na vyumba vya sayansi kimu.

Sasa linganisha na hii. 1998 Moi huyo huyo aliunda tume nyingine chini ya Davy Koech. Ikasikiliza watu, ikasema 8-4-4 iondolewe. Serikali ikajibu kuwa mapendekezo ni ghali, ripoti ikalala kabatini. Ndiyo maana mimi, niliyezaliwa baadaye kabisa, bado niliisoma.

Kwa hivyo ripoti peke yake haina miguu. Ya Mackay ilikuwa na Ikulu nyuma yake, na tangu 1982 nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria. Nani angepinga Bungeni? Ya Koech ilifika pesa zikiwa hakuna. Katikati hapo kulikuwa na ripoti ya Kamunge ya 1988, iliyosukuma kugawana gharama: serikali ipunguze, mzazi aongeze. Wakopeshaji kama Benki ya Dunia pia walikuwa wanataka hivyo. Hesabu basi: wataalamu, Ikulu, Bunge, Hazina, wakopeshaji. Kila mmoja ameshika kamba. Mwanafunzi ndiye mzigo unaovutwa.

Mimi kamba ilinipata 2023. Serikali ilileta mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, kila mtu awekwe kwa kundi kulingana na uwezo wa familia. Mathe anauza mboga, lakini niliwekwa na wale wanaojiweza. Nilirudi kuuliza mara tatu, nikaambiwa ningoje. Semista mbili karo ikanishinda, nikatoka. Chuo sitakitaja. Kwa muda mrefu niliamini ni mimi nimefeli maisha.

Halafu Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo ulikiuka Katiba, na sababu moja ni kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Waliopeleka kesi walikuwa mashirika ya haki na kikundi cha wanafunzi. Serikali ilikata rufaa, na uamuzi ule haukunirudisha darasani. Sitakudanganya.

Lakini ona tofauti. Mzazi wa 1985 aliambiwa jenga karakana, akajenga. Hakuwa na mahali pa kusema ngoja kwanza, sikuulizwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeandika ushiriki wa watu kati ya maadili ya kitaifa. Huo ni mlango mpya, na mlango usipobishwa haufunguki.

Tatizo letu tunakumbuka sera ikishafika kwa mfuko. Tangazo la kutoa maoni likitoka gazetini tunapita tu, ukumbi unajaa wazee na machifu, halafu baadaye tunalia mtandaoni. Na mimi nimo, sijawahi kwenda hata kikao kimoja.

Dadangu mdogo yuko kwa huu mtaala mpya. Juu yake na yeye kuna kamba. Tangazo lingine la elimu likitoka Uasin Gishu, nitaenda na maoni yangu kwa karatasi, yapokewe na yapigwe muhuri. Nani tutaenda pamoja?